Kiota Nyuma ya Kiyoyozi

Shule tatu walizoomba zilimjibu Milka kwa upole uleule: nafasi zimejaa, jaribuni tena Septemba. Wakati huo ilikuwa Novemba. Watoto walikuwa ndio kwanza wametua Doha, bado wamevaa sweta alizowafumia kukhu, bibi yao, kule Webuye, na Tevin wa miaka saba alikuwa ameahidiwa shule yenye bwawa la kuogelea. Bella wa miaka mitano hakuahidiwa kitu, kwa hiyo yeye hakununa.

"Basi utawafundisha hapa nyumbani," alisema Joram, mumewe. "Si ni miezi tu?"

Joram alikuwa muuguzi wa zamu ya usiku. Alisema hivyo akiwa anavaa soksi, jicho lake likiwa kwenye saa, na gari la wafanyakazi lilipopiga honi akatoka. Milka akabaki na watoto wawili na meza moja. Nyumbani alikuwa karani wa mapokezi katika kliniki ya macho. Alijua kupanga foleni na kuwatuliza wazee waliochoka kungoja, ila kufundisha hakuwahi. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akanunua vitabu vya mazoezi, akabandika herufi ukutani, akaanza.

Siku ya tatu Joram alitoka chumbani saa nne asubuhi, macho mekundu, akasimama mlangoni kama mgonjwa aliyetoroka wodini. Alikunywa maji, akawaangalia, akarudi kulala. Nyumba yao ya Al Thumama ilikuwa na chumba kimoja, sebule, na jiko lenye roshani finyu. Ndege za abiria zilipita juu ya paa mchana kutwa na Joram hakuzisikia kabisa, lakini sauti ya Tevin akisoma ba-be-bi-bo-bu ilimfikia hata akiwa amejifunika mto kichwani.

Hivyo ndivyo shule ilivyohamia nje. Milka hakuwa na falsafa yoyote ya malezi. Baba alihitaji kulala.

Wakati wenyewe ulikuwa mzuri. Winta ya Doha ni miezi ambayo mtu anaweza kukaa nje bila kuungua, na Milka aliitumia yote. Asubuhi waliteremka ngazi na kikapu cha chai na mkate, wakavuka barabara mpaka kwenye bustani ya mtaa, ambako palikuwa na mkunazi mkubwa uliodondosha matunda madogo ya kahawia. Walihesabu kunazi, wakazigawa, wakazila. Waliandika majina yao mchangani kwa vijiti. Walifuata msafara wa sisimizi kutoka kwenye pipa la taka hadi chini ya benchi, na Tevin akapiga magoti hapo muda mrefu kuliko alivyowahi kukaa kwenye kiti. Mchana walirudi nyumbani, wakavua viatu mlangoni, na Milka akawasimulia hadithi, maana hadithi inaweza kunong'onwa na silabi haziwezi.

Nyingine alizipata kwa mama yake, nyingi alizitunga palepale. Bella alizimeza zote. Tevin alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali lake.

"Hiyo ni kweli?"

"Ni hadithi, baba."

"Kwa hiyo si kweli."

"Ni kweli huko ndani ya hadithi," Bella alimjibu kwa niaba ya mama yake, na Tevin akatikisa kichwa kama mzee wa baraza aliyesikia ushahidi dhaifu.

Ijumaa, siku ya mapumziko huko, walikwenda kanisani Mesaimeer, na huko ndiko Milka alikokuwa akiitilia shaka shule yake. Ijumaa moja ya Februari, wakati watu wakisalimiana nje baada ya ibada, rafiki yake Loice alimwinamia Bella.

"Na wewe, mami, mnasoma nini siku hizi?"

"Tunasoma sisimizi," alisema Bella.

Loice alicheka, bila ubaya wowote. Watoto wake walisimama kando na sare zao za kwaya, na mmoja alikuwa ametoka tu kusoma somo la Biblia mbele ya watu wote bila kukwama. "Sisimizi," alirudia. "Haya. Lakini Milka, Septemba watawapima, unajua? Watataka kuona kama wanasoma."

"Najua," alisema Milka.

Jioni ile alivitoa vile vitabu vya mazoezi chini ya kitanda, akavifuta vumbi. Jumapili asubuhi, siku ambayo shule zote za Doha huanza wiki, aliwakalisha watoto jikoni na mlango ukiwa umefungwa, akawaambia wasome kwa kunong'ona. Walikuwa kwenye ukurasa wa pili Bella aliposimama juu ya kiti, akabandika uso kwenye kioo cha dirisha.

"Mama, kuna ndege anabeba ufagio."

Hakuwa na ufagio. Alikuwa tetere, yule njiwa mdogo mwenye madoa shingoni, na mdomoni alikuwa na kijiti kilichomzidi urefu. Aliruka mpaka kwenye kile kisanduku cha nje cha kiyoyozi cha chumbani, kilichofungwa ukutani pembeni ya roshani, akajipenyeza katikati ya chuma na ukuta. Akatoka bila kijiti. Baada ya muda akarudi na kingine.

Vitabu havikufunguliwa tena siku hiyo.

Kiota chenyewe kilikuwa aibu. Vijiti vichache vilivyolazwa ovyo, ungeweza kuona ukuta kupitia humo. Tevin alisema hata yeye angejenga vizuri zaidi. Lakini mayai mawili meupe yalitokea humo, na kuanzia hapo ratiba ya nyumba ilihamia roshanini. Nani yuko kwenye kiota sasa, mama au baba? Ndege hao walibadilishana zamu, watoto waligundua, kama wauguzi. Bella aliyapa mayai majina, Simsim na Njugu, na Tevin alipinga, akisema kwamba yai haliwezi kuwa na jina kwa sababu halina masikio ya kuitikia. Alilipinga hilo kwa maandishi, kwa herufi kubwa zilizoinama, na Milka aliona kwamba mtoto wake alikuwa ameandika sentensi nzima bila kusukumwa.

Mchana, kwa mnong'ono, aliwasimulia habari za tetere wawili waliotoka mbali, wakajenga juu ya sanduku la chuma bila kujua ni la nini. Kila siku aliongeza kidogo. Makinda watatoka, alisema. Wataota manyoya. Wote wawili wataruka mpaka kwenye ule mkunazi, na kutoka hapo wataiona bahari.

Makinda walitoka kweli, wabaya wa sura, vipofu, wenye unyoya wa njano kama nywele za mzee. "Angalieni mkia," Milka aliwaambia. Alikuwa amesoma kwenye simu usiku uliopita, akazikariri habari hizo zote. "Asiye na mkia hawezi kuruka. Mkia ukitoka, jueni amekaribia."

Lakini winta haingojei mtu. Kufikia katikati ya Machi maua yaliyopandwa na manispaa kwenye mzunguko wa barabara yalianza kulegea saa sita, na chumba cha kulala, ambacho jua la asubuhi lilikipiga moja kwa moja, kikawa kama tanuri la mkate. Harun, Mganda aliyelinda jengo lao, alipanda kuwaambia kwamba mafundi wa viyoyozi watapita wiki hiyo kuosha vile visanduku vya nje kabla joto halijakolea. Milka akamwomba wakiruke chao.

"Kuna nini, dada?"

"Kuna kiota."

Harun alikwenda roshanini kutazama. "Sawa," alisema. "Nitawaambia. Lakini mzee analala vipi humo ndani?"

Hilo ndilo swali ambalo Milka hakutaka kuulizwa. Alikuwa amemweleza Joram habari za kiota, mara mbili, na mara zote mbili Joram aliitikia "mmh" akiwa tayari nusu yake imelala. Hakuwa amemwambia waziwazi: usiwashe kiyoyozi. Aliliwaza neno hilo likitoka mdomoni, kisha akawaza uso wa mumewe. Mtu amesimama wodini usiku kucha, anarudi, mkewe anamwambia atoke jasho kwa ajili ya njiwa. Atasema, hii ndiyo shule? Basi Milka akafanya jambo jepesi. Alichukua rimoti, akaificha jikoni kwenye droo, chini ya vitambaa vya kufutia vyombo. Wiki moja tu, alijiambia.

Ilikuwa Jumatano. Watoto walikuwa bustanini na mama yao wakati Joram aliporudi. Usiku wodi ilikuwa imewalemea, mgonjwa mmoja alikuwa amewafia alfajiri baada ya jitihada ndefu, na chumba kilipompokea na hewa nzito alianza kutafuta rimoti kama mtu anayetafuta maji. Aliitafuta kitandani, juu ya kabati, kwenye mikoba. Alipoipata jikoni alidhani ni michezo ya watoto. Akabonyeza. Nje ya ukuta kile kisanduku, kilichokuwa kimya tangu Desemba, kilikohoa, kikatetemeka, kikaanza kunguruma. Joram alilala kabla hewa ya baridi haijamfikia miguuni.

Milka alisikia mngurumo ule akiwa bado kwenye ngazi.

Aliwapita watoto mbio. Roshanini kiota kilikuwa kimeteleza upande mmoja, nusu yake ikining'inia. Kinda mmoja alikuwa amejibana kwenye chuma cha kushikilia kisanduku, mdomo wazi. Wa pili hakuwepo. Milka aliinama juu ya ukuta wa roshani, akatazama chini, akaona kitu kidogo juu ya zege la maegesho, karibu na gurudumu la gari jeupe. Mara akageuka, akaziba mlango kwa mwili wake.

"Ngojeni hapo."

Aliingia chumbani, akazima kiyoyozi. Joram alifungua macho. "Nini?"

"Njiwa," alisema, akatoka tena, akakirudisha kiota mahali pake, akakikaza kwa kipande cha kadibodi. Nyuma yake Bella alikuwa amekwisha kupita chini ya mkono wake.

"Njugu yuko wapi?"

Milka hakufikiri. Neno lilitoka lenyewe, tamu na laini, kama linavyotoka neno la hadithi.

"Ameruka."

Bella alipiga makofi. Akaanza kuangaza macho juu ya mapaa kumtafuta. Lakini Tevin hakupiga makofi. Alisogea karibu na kiota, akamtazama yule aliyebaki, kisha akamtazama mama yake.

"Hawezi kuruka," alisema polepole. "Manyoya ya mabawa yake bado yamefungwa, kama kalamu zenye vifuniko. Niliangalia jana. Na hana mkia. Wewe ndiye uliyetuambia tuangalie mkia."

"Labda aliharakisha, baba. Wengine..."

Milka akaacha. Uso ule wa mwanawe aliujua. Aliuona miaka mingi ng'ambo ya dirisha la mapokezi: uso wa mtu anayeambiwa daktari anakuja sasa hivi, naye amekwisha kuliona gari la daktari likiondoka. Mtu wa namna hiyo habishani. Anarudi kukaa kwenye benchi, na kuanzia hapo hakuamini tena, hata ukimwambia ni saa ngapi.

Joram alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, fulana yake imeloa jasho, rimoti bado mkononi. Alikitazama kiota, akakitazama kisanduku, na Milka aliona jambo lote likimwingia.

"Ni mimi," alisema Joram. Akachuchumaa awe sawa na watoto. "Niliwasha kiyoyozi. Kilitikisa kiota. Njugu hakuruka, Bella. Ameanguka, na kwa urefu huu nadhani amekufa."

Bella alimkodolea macho. "Mama amesema ameruka."

Watoto wote wawili wakamgeukia. Milka aliketi kwenye kizingiti cha roshani.

"Nilisema hivyo. Haikuwa kweli."

"Kwa nini?"

"Niliogopa utalia."

"Na sasa si nalia?" alisema Bella, na kweli alikuwa akilia, machozi mazima mazima.

"Na rimoti niliificha mimi," Milka aliendelea, safari hii akimwambia mumewe. "Sikukuambia usiwashe. Niliificha tu."

Joram aliiweka rimoti chini, akasimama. Alimbeba Bella, akamshika Tevin mkono, wakashuka wote wanne. Chini, Harun alikuwa amekwisha kumwokota yule kinda na kumlaza juu ya kipande cha karatasi kivulini, ili gari lisimkanyage. Aliposikia nyayo alivua kofia, akasogea kando.

"Nataka kumwona," alisema Tevin.

Milka alifungua mdomo kukataa. Joram alikuwa amekwisha kumweka kinda kiganjani. "Njoo," alisema. Akamwonyesha, kwa sauti ileile ya chini anayoitumia kwa wanafunzi wa uuguzi: hapa ndipo shingo ilipovunjika, kwa hiyo hakuumia muda mrefu. Hili ni bawa, ona mifupa yake inavyofanana na mkono wako, bega, kiwiko, kifundo. Hizi kalamu unazosema, umeona vizuri, humu ndani ndimo unyoya unamokunjwa. Tevin aliligusa bawa kwa kidole kimoja. Bella naye, kamasi zikimtiririka, aliuliza kama Njugu alikuwa na moyo, na Joram akamwonyesha mahali moyo ulipokuwa.

"Wewe hujui kuuwasha tena?" aliuliza Bella. "Si ndiyo kazi yako?"

Joram alimfunika kinda kwa kiganja cha pili. Milka alikumbuka kwamba bado hajamuuliza usiku ulikuwaje.

"Mara nyingine tunaweza," alisema Joram. "Mara nyingine tunajaribu sana na hatuwezi. Jana usiku tumejaribu na hatukuweza."

"Njiwa?"

"Mtu. Babu mmoja."

Walimzika kando ya ukuta, kwenye udongo wa maua. Jioni, Joram alipokuwa akijitayarisha kurudi kazini, Milka alimpelekea chai chumbani na kuketi kitandani kando yake. Dirisha lilikuwa wazi na hewa iliyoingia haikuwa na msaada mkubwa.

"Nilidhani utasema tunaishi na njiwa sasa," alisema.

"Ningesema hivyo." Joram alikunywa chai. "Kisha ningekwenda kulala sebuleni. Kiyoyozi cha sebuleni kinafanya kazi, sivyo?"

Milka alicheka.

"Mimi kila siku narudi nakuta mmekwisha kuishi siku nzima," Joram alisema. "Habari zenu nazisikia kama za nchi nyingine. Nikisema mmh, usidhani sitaki. Nirudie nikiwa macho."

Kuanzia siku iliyofuata godoro lilihamia sebuleni, na chumba cha kulala kikawa darasa, joto hilohilo, madirisha wazi. Watoto walivua fulana. Mchana ule Bella alidai hadithi ya tetere iendelee, na Milka akasema ukweli wake: hajui inavyoendelea.

"Mimi najua," alisema Bella. Akaisimulia yeye. Katika hadithi yake sanduku la chuma liliamka na njaa, likanguruma, na Njugu akaanguka. Hakuna aliyemwokoa. Mama yake alirudi na chakula cha wawili, akakuta mmoja, akampa chote, ndiyo maana Simsim alikua haraka. Baba tetere alilia upande wa pili wa jengo ili asionekane. Bella aliisimulia bila kupamba, akihesabu mambo kwenye vidole, na alipomaliza Tevin aliongeza kwamba kufikia hapo mkia ungekuwa umeanza. Hakuuliza lolote jingine.

Milka alitazama nje. Alikuwa ameficha mengi katika hadithi zake, aliona, akidhani anawafunika watoto blanketi. Kumbe wao walihitaji pa kuweka kile kilichotokea.

Mwisho wa mwezi upepo wa kaskazini ulivuma na vumbi lake, mji mzima ukawa na rangi ya chai ya maziwa, na kwa siku mbili hawakufungua roshani. Vumbi lilipotulia, kiota kilikuwa kitupu. Kabla ya kusema neno, Tevin alishuka na baba yake hadi maegesho. Walitafuta chini ya magari yote, wakatafuta kando ya ukuta. Hawakuona kitu.

"Ameruka?" Bella alimuuliza mama yake. Aliuliza akimtazama usoni.

Milka alichagua maneno yake. "Alikuwa na mkia. Alikuwa ameanza kupiga mabawa. Nadhani ameruka. Lakini sikumwona akiruka, Bella. Hakuna kati yetu aliyeona."

Bella alilipima jibu hilo. "Sawa," alisema, akaenda kuvaa viatu.

Wiki hiyo shule moja ilipiga simu. Familia fulani ilikuwa imehama, nafasi moja imepatikana, Tevin aje wampime. Alikwenda, akasoma kifungu walichompa, akakwama mara chache, na mwalimu alipomuuliza kinahusu nini alimweleza, kisha akamwambia kwamba picha ya ndege iliyokuwa pembeni ilikuwa na vidole vilivyochorwa vibaya. Walimchukua. Ataanza Aprili. Milka alishukuru kwa simu, akaingia jikoni, akasimama hapo kidogo akiwa ameshika ukingo wa sinki, asijue kama anachosikia ni furaha. Bella angebaki naye mpaka Septemba.

Sasa jua lilikuwa limewahi, na kama walitaka kutoka ilibidi wawe nje mapema, hewa ikiwa bado inakaa ngozini bila kuuma. Asubuhi ya mwisho kabla Tevin hajaanza shule walikuwa langoni na kikapu chao wakati gari la wafanyakazi liliposimama na Joram akashuka, mkoba begani, ndevu zimeanza kuota.

"Leo mnasoma nini?" aliuliza.

Tevin na Bella wakatazamana.

"Hatujui bado," alisema Tevin.

Joram alimpa Harun mkoba amshikie, akakichukua kikapu kutoka mkononi mwa Milka, wakavuka barabara pamoja.